Maiti Asiyecheka wa Ans Balata

Kuna watu wanaojulikana kwa mali, wengine kwa wingi wa watoto, na wengine kwa mdomo. Evariste Mathurin wa Ans Balata alijulikana kwa kufa. Na alikufa vizuri, tusimnyime haki yake. Alikuwa amekwisha kufa mara tatu, mbele ya watu, jua likiwaka, na kila mara kijiji kilikubaliana kwamba hakijapata kuona maiti aliyetulia namna ile. Hata maiti wa kweli, wale wa padri, mara nyingine huwa na uso wa mtu aliyesahau kitu nyumbani. Evariste hakusahau kitu.

Siku za kawaida alikuwa fundi bomba, mrefu kama mpapai, na uso mrefu kama Kwaresima. Aliingia nyumba za watu wote, wa chama cha Nanga na wa chama cha Kengele, akalala chali chini ya masinki yao, akatoka bila kusema aliyoyasikia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa Nanga. Baba yake alikuwa Nanga, babu yake alikuwa Nanga kabla Nanga haijapata jina, na shati lake la bluu la chama lilikuwa limefuliwa hadi likawa kama anga ya asubuhi. Kisiwani kwetu mtu anaweza kubadili kanisa, anaweza kubadili hata mke akivumilia maneno ya watu, lakini chama ni kama kisigino. Umezaliwa nacho, utakufa nacho, na kikipasuka utakipaka mafuta.

Sasa, hiyo habari ya kufa. Uchaguzi ukiisha, kesho yake baada ya chakula cha mchana, walioshinda huwazika walioshindwa. Wala si mazishi ya mdomoni, ni jeneza kabisa, la mbao, lenye vishikio. Ndani hulazwa mtu mzima wa upande ulioshinda, amevalishwa rangi ya walioshindwa, amepakwa unga usoni, akabebwa kwa ngoma na tarumbeta kutoka njia panda ya kanisa mpaka gatini. Walioshindwa hawakai nyumbani kununa. Wanajipanga barabara nzima, na ruhusa wanayo moja, kumchekesha maiti. Kumgusa hapana, kummwagia maji hapana, lakini maneno, nyuso na vituko ni halali yao. Maiti akifika gatini uso mkavu, walioshindwa wanachinja ng'ombe na kulisha kijiji. Akicheka njiani, basi chama chao hakikufa, na anayechinja ni mshindi. Kwa hiyo kura ni nusu tu ya ushindi. Huko mjini waziri mkuu anaweza kuapishwa na mizinga ikalia. Sisi Ans Balata bado tunatazama mdomo wa maiti.

Kengele nao walikuwa na maiti wao, Titus wa duka la ramu, mwanamume mnene mwenye roho nyepesi, ambaye alianza kucheka tangu wakati wa kupakwa unga. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka ishirini waliochinja ni Kengele peke yao, washinde washindwe. Nanga tulikula kotekote. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli na nyama ilikuwa tamu.

Evariste aliingia kazi hiyo kwa kosa la seremala. Mwaka wa kwanza, seremala alipima jeneza huku amekwisha onja ramu ya ushindi, likatoka refu kama mtumbwi. Maiti aliyekuwa ameteuliwa, mtu mfupi, alipolazwa akawa anateleza kila walipopanda mlima, kichwa mbele, miguu mbele, akatukana mpaka padri akafunga dirisha. Ikabidi atafutwe mtu wa kulijaza sanduku. Evariste alikuwa amesimama kando na mfuko wake wa vyombo, akaambiwa alale. Alilala. Watu wakamfanyia kila walichojua, hata kope hazikucheza.

Siri yake ilikuwa ya kazi yake. Akiona kicheko kinapanda, alifumba macho na kuingia kichwani mwake katika nyumba ya mtu fulani, akalifuata bomba kutoka barabarani, chini ya ngazi, nyuma ya jiko, mpaka kwenye koki, akaifunga. Kicheko kikaishia hapo. Alikuwa na nyumba za kutosha kwa safari nzima.

Shida ilianza na Bi Clotilda Augustin. Huyu alikuwa mjane mwenye duka la mikate kwenye kona ya daraja, mwanamke wa Kengele kuanzia kilemba hadi kandambili. Kila uchaguzi alikaa mezani shuleni kama wakala wa chama chake, mbele ya daftari la wapiga kura, na alimjua kila mwenye jina lililomo, aliyekufa, aliyehamia Toronto na aliyejifanya amehamia Toronto. Binamu yake wa damu aliwahi kuja na jina la kaka yake, akamrudisha nyumbani kwa sikio. Nje ya meza ile, hata hivyo, alikuwa mtu wa kucheka, na cheko lake lilisikika ng'ambo ya mto.

Evariste alimpenda muda mrefu, kwa njia ya mafundi bomba, yaani kwa kuja kuangalia kama kila kitu kiko sawa. Uchaguzi ulipotangazwa alijipa moyo. Jumapili moja baada ya misa akaenda na shelisheli la kuchoma limefungwa kwenye gazeti, akalitua kaunta, akamposa.

Bi Clotilda alilikata shelisheli kwanza, akaonja, akaona limeiva vizuri.

"Evariste, mimi ni Kengele."

"Najua."

"Kukaa na mtu wa Nanga naweza. Kukaa na mtu asiyecheka naweza pia, nimeishi na mama mkwe. Lakini mtu wa Nanga asiyecheka, vyote viwili chini ya paa moja, hapana baba. Chagua kimoja ukiache."

Evariste akamweleza kwamba yeye anacheka sana, ila ndani kwa ndani.

"Cha ndani hakinifai. Mimi nitacheka na ukuta? Ukicheka, cheka watu wakuone. Nisije nikaambiwa barabarani kwamba nimeolewa na maiti."

Akamkatia kipande cha shelisheli, akamfungia, akamwambia aende akafikiri.

Kufikiri kwenyewe hakukuchukua muda. Kubadili chama lilikuwa jambo lisilofikirika, baba yake angetoka kaburini kwa miguu. Kilichobaki ni kucheka, na Ans Balata hakuna aliyewahi kuutazama mdomo wa Evariste isipokuwa akiwa jenezani. Akapiga hesabu yake ya kificho. Kengele wakishinda, atakayelazwa ni Titus, na yeye Evariste atasimama kando ya barabara na watu wengine, acheke mpaka ajishike mbavu, Bi Clotilda amwone, mambo yaishe bila kumdhuru mtu. Kwa mara ya kwanza maishani alisikia sauti ndogo tumboni ikiomba Nanga ishindwe. Aliitema haraka kama mbegu ya limau, akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

Kampeni ya mwaka ule ilikuwa ya moto. Magari ya vipaza sauti yalikutana kwenye daraja, moja likipanda na jingine likishuka, hakuna aliyekubali kurudi nyuma, wakapigiana nyimbo mpaka betri zikaisha wakasukumana wote kama ndugu. Lami ilimwagwa kutoka mjini, ikaja vizuri, ikafika kona ya duka la mikate ikakoma, maana kuanzia hapo wanaishi Kengele. Ndugu zetu wa Toronto na Birmingham waliletwa kwa ndege kupiga kura, kila chama na ndege yake, wakashuka na makoti yao wakilalamika joto la nchi waliyozaliwa.

Katikati ya hayo, shemeji yake Evariste alimfuata chini ya sinki. Huyu ni Kenrick Polius, mume wa dada yake, mwenyekiti wa Nanga wa kijiji, mtu wa maneno mengi na ng'ombe mmoja. Dume lenyewe lilikuwa jekundu, linang'aa, na Kenrick aliwaamuru wanawe walisugue mgongo kila jioni kana kwamba mgongo ule ni wake. Mila inasema ng'ombe wa karamu hutoka kwa mwenyekiti. Alikuwa amesikia habari za shelisheli, kwa kuwa kijijini kwetu hata shelisheli haliwezi kutembea peke yake.

"Shemeji," alisema, akiinama mpaka nyuso zikalingana, "oa unayemtaka. Oa hata Kengele, nitavaa tai. Lakini tukishinda, na ukacheka mule ndani, dume langu ndilo litakalokufa kweli."

Evariste akamwomba ampe spana.

Siku ya kura alitangulia foleni alfajiri na shati lake la bluu amelivaa ndani ya koti, kwa sababu rangi za vyama haziruhusiwi kituoni. Mezani alikuwa Bi Clotilda, miwani puani, rula juu ya daftari.

"Jina?"

"Bi Clotilda, unanijua."

"Hapa simjui mtu. Jina?"

Akalitaja. Akaulizwa kazi, akaulizwa anakoishi, akajibu yote mbele ya foleni iliyoanza kukohoa kwa makusudi. Bi Clotilda akapiga mstari, na alipomchovya kidole kwenye wino, akamwambia kwa sauti ya chini akaushe vizuri asije akachafua shati. Jinsi alivyojua kuna shati ndani ya koti, mwulize yeye. Evariste alikwenda nyuma ya pazia na kuweka alama yake penye nanga kama alivyofundishwa. Nataka hilo lieleweke. Mapenzi ni mapenzi, lakini kura ni kura.

Kuhesabu kulifanyika darasani hapohapo, watu wamejazana madirishani. Kulikuwa na ubishi juu ya karatasi moja, ambayo mpiga kura badala ya kuweka alama alichora nanga nzima, na kamba yake, na samaki kando. Bi Clotilda alisimama akasema sheria inataka alama, haitaki picha. Kenrick akasema mwenye kuchora samaki wazuri vile nia yake haina shaka. Msimamizi wa uchaguzi akawaza, akaitupa nje. Haikuwasaidia Kengele. Nanga ilishinda, kwa kura chache kiasi kwamba wote waliozidi wangeenea kwenye veranda moja na bado ukapata pahali pa kuchezea domino.

Barabarani watu wa bluu walirukaruka. Evariste alisimama ukutani, mshindi, mnyonge kama kuku wa mvua.

Kesho yake akalazwa. Shati la rangi ya chungwa la Kengele lilimbana mabega, unga ulimwasha pua. Alikuwa ameamua. Ng'ombe wa shemeji, heshima ya chama, na jina lake la maiti bora kupata kutokea kusini mwa kisiwa, vyote vilikuwa mikononi mwake, na mtu hauzi jina lake kwa sababu ya mwanamke mmoja, hata kama mikate yake ni ile. Angefika gatini mkavu. Kisha angezeeka peke yake. Alikunja mikono kifuani, wakamwinua.

Kengele walikuwa wamejiandaa. Kwenye njia panda walimsimamisha mbuzi aliyevishwa miwani na koti jeupe kama mgombea wetu, ambaye ni daktari wa meno, na mbuzi akawa anawatafunia watu vipeperushi. Evariste akaingia jikoni kwa mwalimu mkuu, akafunga koki. Mbele kidogo Ma Philo, bibi wa karibu miaka tisini, akainua gauni hadi magotini akacheza ngoma ya ujana wake huku akimwita maiti mchumba. Evariste akapita chini ya ngazi za posta, akafunga koki. Kwenye mteremko Titus mwenyewe alilala chali katikati ya njia, akajifanya Evariste chini ya sinki, suruali ikimteremka, akisema kwa sauti nzito ya msiba, "Mama, hii washa ya koki imekufa, tumwite padri." Wabebaji walitetemeka mpaka jeneza likayumba. Watu wa Nanga wenyewe walikuwa wanalia machozi. Maiti, kimya. Alikuwa kwenye bomba kubwa la zahanati, mbali sana.

Kenrick alitembea mbele na bendera, kila hatua akigeuka. "Fikiria msiba, shemeji," alinong'ona. "Fikiria dume."

Gati ilikuwa inaonekana na harufu ya chumvi inasikika, pale watu wa Kengele walipopasuka katikati na Bi Clotilda akapita. Alikuwa amevaa gauni jeusi la ujane na kilemba cha rangi ya chungwa. Tarumbeta zikanyamaza. Kwa desturi mtu akitaka kusema na maiti, msafara unasimama.

Sasa, Ans Balata nzima inajua kwamba Bi Clotilda hana kipaji cha kusimulia kichekesho. Yeye ni mchekaji. Mwenzake akianza kusimulia, yeye anacheka kabla ya mwisho, ndiyo maana miisho haijui. Lakini alishika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili, akakohoa.

"Kulikuwa na kaa," alisema. "Kaa huyu alikwenda kuungama kwa padri. Hapana. Padri alikwenda sokoni akanunua kaa. Wawili. Ndiyo, ni wawili, hilo ni muhimu. Akawatia kwenye sufuria."

Akafikiri.

"Sufuria bado. Sijafika kwenye sufuria."

Mtu mmoja nyuma akaachia kicheko. Bi Clotilda akageuka akamtazama kama anavyowatazama wenye majina mawili. Akarudi kwa maiti.

"Basi yule kaa wa kwanza akamwambia padri. Si padri, mwenzake. Akamwambia, mwenzangu, maji haya." Akasimama. Akarudia, "Maji haya." Akatazama juu, akatazama bahari. Kisha akauuliza umati, kwa sauti ileile ya mezani, "Nani anajua kaa alisema nini?"

Hakuna aliyejua.

"Evariste," alisema, na sasa sauti ilikuwa imepungua, "nimesahau. Jana nilikuwa nacho chote. Nimekisema mbele ya kioo, nikacheka mpaka nikakaa chini. Leo kaa amenikimbia."

Evariste alifumbua macho. Alitakiwa kuwa nyuma ya jiko la mtu, mkono kwenye koki, na kwa kweli alikuwepo. Lakini juu yake aliona kilemba kimeenda upande, jasho puani, na uso wa mwanamke anayemsubiri kaa kwa dhati, kama ambavyo angemsubiri mpiga kura aliyechelewa. Mwanamke ambaye hajawahi kukosea jina hata moja katika daftari zima, amesimama mbele ya kisiwa kizima na kupoteza kaa wawili.

Kicheko kilianza kama bomba lililokatiwa maji wiki nzima. Kwanza hewa, kohoo, mtikisiko. Kisha mlio wa kutu. Kisha vikaja vyote kwa pamoja, vya miaka ishirini na zaidi, Evariste Mathurin akicheka mdomo wazi, meno yote nje, unga ukimruka usoni kama moshi. Mbebaji wa nyuma akaachia, wa mbele akakaa chini, jeneza likatua na maiti akabingirika barabarani, akaendelea kucheka akiwa amepiga magoti. Bi Clotilda alimtazama kidogo. Kisha lile cheko lake likatoka, na ng'ambo ya mto nadhani walisikia. Bluu walicheka, chungwa walicheka, mbuzi alilia. Kenrick peke yake aliweka bendera begani akaangalia upande wa malisho yake.

Karamu ilikuwa pale gatini, usiku uleule, dume la mwenyekiti na majimbi na ndizi mbichi na mchuzi mzito wa nazi. Kengele walikula mara ya kwanza bila kuchinja, na walikula kwa kisasi. Mabishano yalikuwa makali. Wengine walisema mwanamke alimshinda kwa haki. Wengine, wenye wivu, walisema mwanamume aliachia koki makusudi, akauza ng'ombe wa shemeji yake kwa bei ya harusi. Mimi nina maoni yangu, ila nyama niliyokula ilinifunga mdomo.

Kenrick alikuja na sahani yake, ya tatu, kwa sababu huzuni nayo ina njaa. Akaketi karibu na Evariste.

"Shemeji, sema kweli. Ulishindwa au uliachia?"

"Shemeji, kula. Mnyama wako ni mtamu."

Kenrick akatafuna, akatafakari, akakiri kwamba ni mtamu kweli, akainuka kutafuta mfupa.

Bi Clotilda akakaa alipotoka Kenrick. Evariste alikuwa bado na lile shati la maiti, vifungo viwili vimekatika kwa kicheko.

"Rangi hii inakupendeza," Bi Clotilda alisema. "Uje nayo kanisani Jumapili, tukatangaziwe ndoa."

"Nitakuja na bluu."

Bi Clotilda alimtazama muda mrefu, kama anatafuta jina lake kwenye daftari. Akachukua kipande kikubwa cha nyama kutoka sahani yake, akakihamishia kwa Evariste.

"Njoo na bluu," alisema. "Lakini padri akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, ucheke."